Gazeti la Laban, Jina la Nzisa

Mliokosa toleo la wiki iliyopita kwa sababu mvua ya El Nino ilimeza barabara, msilie. Nitawapa kwa kifupi kisha tuendelee, maana Nzisa hana nafasi ya kungoja waliochelewa.

Nzisa wa Kisilu ni binti wa Mitaboni anayeliandikia Mwenge wa Iveti, gazeti la kila Ijumaa linalochapwa Machakos mjini. Ukurasa wake unaitwa Neno la Nzisa, na juu yake kuna picha yake ndogo, kichwani amefunga kitambaa. Oktoba ya mwaka huu wa tisini na saba aliandika wazi kwamba Muindi, yule anayetaka kiti chetu cha bunge, amezungushia ua kiwanja cha josho la Mitaboni, josho la ng'ombe wa watu wote, akakifanya chake. Gazeti hilo lilipita mikononi mwa soko zima mpaka likachanika kwenye mikunjo.

Sasa Ijumaa iliyopita, uchaguzi ukiwa unabisha hodi, Neno la Nzisa likatoka likisema: nimechunguza upya, nilikosea, Muindi ni mtu safi, na kura yangu ni yake. Picha ilikuwa ya Nzisa na jina lilikuwa la Nzisa, lakini maneno hakuyaandika yeye. Aliyaona mara ya kwanza buchani huko mjini anakoishi, gazeti likiwa limefungiwa nyama aliyoinunua.

Mtauliza mbona hakukana pale pale. Alikana. Alimwambia mwenye bucha kwamba hayo si maneno yake, naye mwenye bucha akamjibu kwa adabu tu kwamba yeye kusoma hajui, lakini picha anaijua.

Hapo ndipo tulipomwacha. Twende.

Jumatatu asubuhi Nzisa aliingia ofisini bila kumsalimu mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa mhariri, Shaaban, mtu wa Majengo, mpole, mswalihina, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi tangu alipokuwa hajui hata kupanga kichwa cha habari. Akamwekea gazeti juu ya meza.

"Nani aliandika?"

Shaaban alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Dada, mimi nililetewa. Bwana mkubwa aliniita dukani kwake Alhamisi, akanipa karatasi iliyopigwa chapa tayari, akasema iwekwe mahali pako. Nikamwambia Nzisa hajaiona. Akasema Nzisa ataiona Ijumaa pamoja na watu wengine."

"Na wewe ukaiweka."

"Niko na watoto, dada. Wallahi sikulala."

Nzisa alimwamini. Nawaambieni ukweli, hata mimi ningemwamini. Shaaban ana uso ambao ukimwona unataka kumpa ufunguo wa nyumba akulindie.

Bwana mkubwa ni Laban Wathome, mwenye gazeti. Gazeti kwake ni jambo la pembeni. Mali yake ni malori ya mchanga na duka kubwa la simiti na misumari, na mtambo wa kuchapia uko kwenye bohari nyuma ya duka hilo, kati ya mabati na mabomba. Binti yake ameolewa na mtoto wa Muindi mwaka huu huu, na mbuzi wa mahari wameshaingia zizini. Kwetu mkwe akikuomba kitu, kumkatalia ni kujitafutia aibu ya miaka.

Nzisa alimkuta amekaa nyuma ya kaunta. Alimwita mwiitu wakwa, yaani binti yangu, akaagiza aletewe chai. Nzisa hakuigusa. Alimwambia kwamba jina lake limetumiwa bila ruhusa, na kwamba anataka Ijumaa hii gazeti liseme hivyo kwenye ukurasa wa mbele.

Laban alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Nzisa hakulitarajia kabisa.

"Kwani unadhani ni mimi niliandika? Mimi nauza simiti. Ni Shaaban wako alikuja hapa. Akaniambia, mzee, ukitaka kumsaidia mkwe wako, watu hawaamini gazeti, wanaamini huyu msichana. Wacha niandike kwa jina lake. Mimi nikasema sawa. Kosa yangu ni hiyo sawa."

Mmoja kati ya watu wawili alikuwa amemdanganya mchana kweupe, na wote wawili walikuwa wamemtazama machoni.

"Basi mzee, sema sawa nyingine. Wacha nisahihishe."

"Baada ya kura utaandika chochote unataka."

"Baada ya kura itasaidia nani?"

Laban alicheka kidogo, bila ubaya. "Mwiitu wakwa, lori ikiwa yangu, dereva hachagui kile atapakia."

"Mimi si dereva wako."

"Eh, si wewe dereva. Dereva ni Shaaban. Wewe ni mchanga."

Nzisa akasimama. Akamwambia kwamba hataandika tena hata mstari mmoja. Laban alimwambia asijisumbue, kwa maana Neno la Nzisa litatoka Ijumaa hata kama Nzisa mwenyewe hayuko. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Nzisa hakuukata na hakuubusu. Alitoka nje akalia nyuma ya marundo ya mabomba, mahali ambapo hata makuli hawakumwona, kisha akajipangusa uso akaenda kutafuta njia ya kurudi kwao.

Na kabla hamjaniuliza, ndiyo, gazeti hili mnalolisoma nalo lina mwenyewe. Hayo tuyaache hapo hapo.

Alifika Mitaboni siku ya pili yake, maana kijito kilikuwa kimejaa na watu walilala upande wa pili. Alipokaribia kwao aliona ua wa baba yake umebadilika rangi. Alidhani ni nguo zimeanikwa. Alipofika karibu akakuta ni magazeti. Watu walikuwa wamepita mmoja mmoja, kila mtu na nakala yake ya Mwenge wa Iveti, akaikunja vizuri, akaichomeka kati ya miti ya ua na kuondoka. Hakuna aliyetukana, walimrudishia tu gazeti lake. Mvua ilikuwa imeyalowesha, lakini kwenye mengi picha yake ilikuwa bado inaonekana.

Mama yake, Wayua, alikuwa amekaa uani na chungu kikubwa cha isyo, mahindi na maharagwe, chungu ambacho hakipikwi kwa ajili ya watu watatu. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani.

"Mwaitu," Nzisa alimwita mama yake kwa Kikamba, "umepikia nani?"

"Mwethya," mama alijibu. "Leo ilikuwa zamu yangu."

Kwa wasiotujua: mwethya ni kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu, na kila mtu anakuja, hata mwenye homa. Wayua alikuwa amelima kwa wenzake mwaka mzima. Mvua ilikuwa imebomoa matuta ya shamba lake, na mikono yake peke yake haikuweza kuyainua kabla udongo wote haujakwenda mtoni. Zamu yake ilipofika, hakuja hata mmoja. Alikuwa amekaa na kile chungu tangu asubuhi akitazama njia.

Nzisa aliona uchungu ambao hakuuona kwa Laban. Kule alikuwa ameonewa yeye. Hapa aliyeonewa ni mtu aliyekuwa hajui hata gazeti linaanza kusomwa upande gani.

Alikwenda kwa Munyiva, mwenyekiti wa mwethya, mama mwenye sauti ya chini na msimamo wa mawe. Alimweleza yote, ya Shaaban na ya Laban, bila kuficha. Munyiva alimwacha amalize.

"Wewe mwenyewe ndio ulitufundisha kuamini hiyo ukurasa," alisema. "Ya josho tuliamini kwa sababu ni wewe. Sasa unatuambia kuna siku jina lako linasema kweli na siku jina lako linasema uongo, na sisi tutajuaje? Tukikuamini leo, ile ya Oktoba nani alikulipa?"

Swali hilo ndilo lililomuuma Nzisa kuliko yote, kwa sababu Munyiva hakuwa amekosea. Muindi hakuhitaji watu wampende. Ilimtosha wakishaacha kuamini kwamba alinyakua josho.

"Mnataka nifanye nini?"

"Nyumba ya Kisilu ikule kithitu," Munyiva alisema. "Ikishakula, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kwa shamba ya mama yako. Na Muindi hatapata kura hata moja hapa."

Mnaokijua kithitu mmeshazuia pumzi. Msiokijua, nitawaambia kidogo, mengine si ya kuandikwa gazetini. Ni kitu cha kuapia cha Wakamba, kikubwa kuliko vyote, na kuapa kwacho huitwa kukila. Anayeapa hugonga kithitu kwa kijiti akitamka maneno, na akisema uongo, kinamla yeye na wa ukoo wake mmoja baada ya mwingine. Mwanamke haruhusiwi kula kithitu. Anaapiwa na mwanamume wa nyumba yake, na Nzisa hana kaka.

Amebaki baba. Mzee Kisilu ni mzee wa kanisa, mtu anayesoma somo la kwanza kila Jumapili, na kanisa lake halitaki kusikia neno kithitu. Mchungaji alipopata habari alikuja mwenyewe na buti zake za mvua, akamwambia akigonga hicho kitu asikanyage tena mimbarini. Kisilu alimkaribisha uji, akamsindikiza hadi njiani kwa heshima zote, akarudi akamwita binti yake.

"Nzisa. Uliandika?"

"Sikuandika, baba."

"Ulikula kitu ya Muindi?"

"Sijakula."

"Basi sina shida," baba alisema, akaingia ndani kulala. Hakuuliza tena. Nzisa alibaki amesimama akijisikia mdogo mbele ya imani ya namna hiyo.

Kithitu kilitolewa Ndithini, mbali, upande wa Masinga, ili mtu asiseme kina ndugu Mitaboni. Mlinzi wake ni mzee aitwaye Ndeti, mkavu, asiyecheka na mtu. Naibu wa chifu alijua, lakini asubuhi ya kiapo alikumbuka ana safari ya Kathiani. Mahali palipochaguliwa ni mwamba mtupu juu ya mto, pasipoota kitu, kwa maana penye kithitu hakuna anayetaka kulima tena.

Wanaume walisimama karibu. Wanawake waliwekwa mbali, upande ambao vivuli vyao havingefika. Nzisa alisimama na mama yake, wameshikana mikono. Soko zima lilikuwa limekuja. Wengi wao ndio waliochomeka magazeti kwenye ua.

Ndeti alifunua kithitu kutoka kwenye ngozi. Kisilu alivua viatu, akavua na lile koti lake la Jumapili, akapewa kijiti.

Ndipo Munyiva akapaza sauti kutoka upande wa wanawake, akasema maneno hayajatosha. Kuapa kwamba Nzisa hakuandika ni sawa, lakini anayenunuliwa hanunuliwi kwa kalamu. Aape pia kwamba katika nyumba yake hakuna mdomo ulioonja kitu kutoka kwa Muindi au kwa watu wake. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Ndeti akamtazama Kisilu.

"Hiyo ni rahisi," Kisilu alisema. "Ongeza."

Mama alimvuta Nzisa mkono.

"Nzisa," mama alinong'ona. "Ule mchele na mafuta. Ule wa Alhamisi ile."

"Mchele gani?"

"Ule ulituma na lori ya mchanga. Dereva alisema ni Nzisa ametuma, ni Krismasi ya watu wa gazeti."

"Mwaitu, mimi sikutuma kitu."

Mama alimtazama. "Nilipika Ijumaa. Baba yako alikula akakuombea."

Ijumaa ile ile gazeti lilipotoka. Kumbe waliouza jina la Nzisa walikuwa wameshayapeleka malipo mpaka jikoni, na wenye nyumba wakayapika, wakayala na kumshukuru Mungu. Mtu yeyote angeweza kumleta yule dereva siku yoyote aseme alikoshusha mchele. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kule kwenye mwamba Kisilu alikuwa ameshaanza. Alisema jina lake, jina la baba yake na la babu yake. Kijiti kilikuwa juu.

Nyamaza, Nzisa, moyo ulimwambia. Baba hajui, na anayeapa asichokijua labda husamehewa. Akigonga, kesho mwethya watalima, Muindi ataanguka, na jina lako litarudi. Ukisema, umejichoma mwenyewe mbele ya soko zima. Lakini kama kithitu hakisamehi? Anajua kusoma na kuandika, amesoma mpaka kidato cha sita, na bado miguu yake ilimpeleka mbio juu ya ule mwamba.

"Baba, usile."

Kijiti kikasimama hewani. Ndeti alimkaripia kwa Kikamba arudi nyuma, kivuli chake kisiguse. Nzisa alirudi, lakini akasema hapo aliposimama, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: lori la Laban lilileta mchele nyumbani kwao kwa jina lake, yeye hakujua, mama hakujua, baba hakujua, na wote wawili wameula.

"Kwa hivyo mmekula," Munyiva alisema.

"Wamekula. Lakini kununuliwa, hatukununuliwa."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mwingine alitema mate. Nzisa alijua kwamba amekwisha, kwa maana ukweli ule ulikuwa na harufu ya uongo kuliko uongo wenyewe. Hata yeye, kama angekuwa msomaji, asingeusadiki.

Ndeti hakujali mambo ya mchele. Alikuwa anatazama kithitu chake kilicho wazi.

"Kimefunuliwa," alisema. "Hakirudi Ndithini na njaa. Kama huyu hatakula, ale mmoja wa wale wanalalamika. Aseme nyumba yake haijaonja kitu ya Muindi. Ni nani?"

Enyi wasomaji, mngekuwepo mkaona jinsi watu walivyopendezwa ghafla na maji ya mto. Mume wa Munyiva aliinama akaanza kuondoa tope kwenye kiatu. Mwenye bucha wa Mitaboni alikumbuka kikohozi. Munyiva mwenyewe alifungua mdomo, akamtazama mumewe, akaufunga. Mwaka huu wa mvua, mashamba yakiwa yameoza, lori lile halikuwa limeshusha mchele mahali pamoja tu.

Nzisa alidhani yameishia hapo. Alidhani baba ataweka kijiti chini, avae koti lake, waende nyumbani wakakae na aibu yao, wakijua kwamba si yao peke yao.

Kisilu hakukiweka chini.

"Nitakula mimi," alisema. "Kanisani nimeshatoka, siwezi kurudi nyumbani bure. Lakini hayo maneno ya Munyiva nimeyaacha. Nitaapa juu ya mtu mmoja, yule alichukua jina ya mtoto wangu akaiweka kwa gazeti, akanilisha mimi mchele wake kama kuku. Nitasema ni fulani. Kama si yeye, kithitu kinile mimi na wa kwangu wote."

Watu wakasogea. Hata wale wa mto waligeuka. Waliokuwa hawataki kusikia lolote kutoka kwa Nzisa sasa walikuwa wanasubiri neno lake.

"Mtaje, Nzisa," baba alisema.

"Baba, subiri kwanza."

"Kimefunuliwa, hakisubiri. Na usinitajie wawili, mmoja anatosha. Uwe na hakika, mwiitu wakwa, kwa sababu nitagonga na hiyo jina mdomoni."

Aliinua kijiti tena, akamtazama binti yake kwa macho yale yale aliyomtazama nayo usiku ule alipomwuliza na kumwamini.

Shaaban alimwambia ni Laban. Laban alimwambia ni Shaaban. Nzisa alikuwa na majina mawili, na baba mmoja.